Muziki kwenye pikipiki: umeme uchukuliwe wapi, vifaa vifungwe vipi

SWALI: Nina pikipiki ya Kichina ya cc 150, injini ya aina ya CG, betri ya volti 12, Ah 7. Natembea safari ndefu, kwa hiyo nikafunga muziki: MP3 ndogo inayochajiwa kwa USB, na spika mbili za usukani, moja ikiwa na amplifaya ndani. Fundi aliunga chaja ya USB kwenye waya wa taa kubwa, amplifaya akaiunga moja kwa moja kwenye betri. Chaja ya kwanza ilikufa ndani ya wiki, ya pili imevimba. Nikivuta resi, spika zinalia “nguuu” inayopanda pamoja na injini. Na pikipiki ikilala siku mbili stata haivuti, inabidi nipige kiki. Nianze wapi?

JIBU: Ndugu, MP3 yako haina kosa, na huenda spika nazo ni nzima. Kinachokutesa ni mahali umeme ulipochukuliwa. Tuanze na chaja.

Kwenye pikipiki nyingi za CG, koili za sumaku ya injini, zile zinazozalisha umeme, zimegawanyika. Sehemu moja inachaji betri kupitia rektifaya, kifaa kinachogeuza AC kuwa DC. Nyingine inalisha taa kubwa moja kwa moja, bila kupita kwenye betri. Umeme huo wa taa ni AC: unageuka mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, na unapanda na kushuka kadiri injini inavyozunguka. Balbu haina shida na hilo, yenyewe inataka joto tu. Chaja ya USB ya gari imetengenezwa kwa DC, umeme wa mwelekeo mmoja kama wa betri, ya volti 12 hadi 24, na pale umeme unapoingilia kuna kapasita, kikopo kidogo cha kutunza umeme, yenye upande wa chanya na upande wa hasi. Ukiipa AC, kila nusu ya mzunguko inalishwa kinyume. Inapata joto, inavimba, mwisho inapasuka.

Kuhakikisha hakuhitaji kifaa chochote. Zima injini, washa funguo, bonyeza honi, kisha washa taa kubwa. Honi ikilia na taa isiwake, taa yako ni ya AC. Dalili nyingine unaiona kila usiku: mwanga unafifia injini ikiunguruma taratibu na kukolea ukivuta resi. Kama una malitimita, iweke kwenye volti za AC, injini ikiwa inawaka, pima waya wa taa dhidi ya chesisi. Waya huo usiunge kitu chochote cha elektroniki, hata kama fundi anakuambia “mbona volti 12 hiyo hapo”.

Stata inayogoma baada ya siku mbili ni kesi nyingine. Amplifaya iliyoungwa moja kwa moja kwenye betri haizimiki kamwe. Ukibonyeza kitufe chake inanyamaza, lakini sehemu ya Bluetooth, kama inayo, na taa yake ndogo ya rangi zinaendelea kunywa kidogo kidogo. Tuseme inakula miliampea 80. Kwa saa 48 hiyo ni karibu Ah 3.8, zaidi ya nusu ya betri yako, na betri ya asidi iliyoshuka chini ya nusu haina tena nguvu za kusukuma stata. Kiki inawasha kwa sababu injini yako inachoma plagi kwa umeme wa koili yenyewe, haitegemei betri. Pima ujue: funguo ikiwa imezimwa, fungua waya wa hasi kwenye betri, weka malitimita kati ya waya huo na nguzo ya betri, anza na kipimo cha ampea 10 kisha ushuke. Pikipiki iliyolala vizuri haili zaidi ya miliampea chache. Usiguse stata wakati mita iko hapo, utaunguza fyuzi ya mita.

Sasa ule mlio. Chaja yako inakula AC ya taa, amplifaya inakula DC ya betri, na kutoka kwenye MP3 inayochajiwa hadi kwenye amplifaya umepitisha waya wa sauti wa milimita 3.5 ambao hasi yake imeunganishwa pande zote mbili. Kwa hiyo hasi ya chaja na hasi ya amplifaya zinakutana mara mbili, kwenye chesisi na kwenye waya wa sauti. Umeme wa chaja unapata njia ya kurudi kwa kupitia waya wa sauti, na amplifaya haiwezi kutofautisha uchafu huo na muziki. Inaukuza tu. Ndiyo maana mlio unapanda na resi. Ukitaka uthibitisho, chomoa waya wa USB kwenye MP3 muziki ukiwa unapiga kwa betri yake ya ndani. Ninavyosoma maelezo yako, mlio utakatika palepale.

Dawa ni kung'oa kazi yote ya umeme na kuifunga upya: chanzo kimoja, hasi moja, na kitu kinachokata kila kitu ukizima funguo. Nunua kibebeo cha fyuzi ya gari chenye waya, pamoja na fyuzi za ampea 5, tatu, mbili zikiwa za akiba chini ya siti. Rilei moja ya gari (swichi inayowashwa kwa umeme) ya volti 12, miguu minne. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1, mita 2 mwekundu na mita 2 mweusi, wa 0.75 nao unafaa kwa mzigo huu, ila chini ya hapo hapana. Vichwa vya waya vya duara vya bolti ya M6 viwili, vya kubana vinane hivi. Mpira mwembamba wa kusinyaa kwa moto, nusu mita. Chaja mpya ya USB ya kufunga kwenye pikipiki, yenye kifuniko cha mpira, ya volti 12 hadi 24. Tafuta pia kile kidude cha kukata mlio kinachochomekwa kati ya waya wa sauti. Ndani yake kuna transfoma ndogo mbili zinazopitisha sauti bila kuunganisha hasi.

Kwa nini ampea 5? MP3 inapochajiwa kwa volti 5 na ampea 1 inataka wati 5, na chaja ikipoteza kidogo unapata kama wati 6, yaani nusu ampea kutoka kwenye betri. Chaja ya ampea 2.1 ikibebeshwa mzigo wote ni karibu ampea 1. Amplifaya za aina hii hufika ampea 2 hadi 3 kwa mapigo ya besi, ingawa wastani wa muziki ni mdogo zaidi. Usitishwe na boksi lililoandikwa “wati 200”. Wati 200 kwa volti 13 ni zaidi ya ampea 15. Ule waya mwembamba kama uzi uliokuja nayo ungeyeyuka siku ya kwanza.

Kabla ya kugusa waya wowote, toa waya wa hasi wa betri kwa spana namba 10. Hasi inatoka kwanza na kurudi mwisho. Ukianza na chanya, siku spana itakapogusa chesisi utajua sababu.

Kibebeo cha fyuzi unakiunga kwenye nguzo ya chanya, kikae ndani ya sentimita 15 kutoka kwenye betri. Kazi ya fyuzi ni kulinda waya, na kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi, kwa hiyo kiwe kifupi. Kutoka kwenye fyuzi waya uende mguu namba 30 wa rilei. Mguu namba 87 ndio utakaolisha amplifaya na chaja, zote mbili. Namba 85 iende hasi. Namba 86 ipate umeme wa funguo, yaani waya unaokuwa na volti 12 funguo ikiwashwa na kufa funguo ikizimwa. Waya wa swichi ya breki ni mahali pazuri pa kuuchukua. Rilei zenye dayodi ndani hazikubali 85 na 86 kugeuzwa. Angalia mchoro ubavuni mwake.

Hapa kuna mtego wa rangi. Kwenye mfumo wa CG, waya wa kijani ndio hasi, mwekundu ni chanya ya betri, na mweusi ni chanya ya funguo. Fundi aliyezoea umeme wa magari akiona mweusi anadhani ni hasi, anaunga, anapiga shoti. Wa njano kwa kawaida ndio ule wa taa ya AC uliokula chaja zako. Lakini pikipiki ikishapita mikono mitatu ya mafundi rangi haziaminiki tena, kwa hiyo pima kila waya kabla ya kukata ganda lake.

Wapo watakaosema rilei ni anasa kwa mzigo wa ampea 3, kwamba waya wa funguo peke yake unatosha. Kwa hesabu ya ampea wana haki. Mimi nasisitiza kwa sababu nyingine: waya wa funguo ndio unaolisha honi, indiketa na taa ya breki, na kwenye pikipiki ambazo CDI yake (kile kiboksi kinachopiga cheche ya plagi) ni ya DC ndio unaolisha hata plagi. Waya wa spika ukichubuka na kupiga shoti usiku, fyuzi ya muziki peke yake ndiyo inapaswa kufa. Rilei yenyewe inakula kama ampea 0.15 tu, na ifungwe miguu ikitazama chini ili maji yatiririke.

Hasi zote, ya chaja na ya amplifaya, zirudi kwenye nguzo ya hasi ya betri kwa waya wake. Usizitafutie bolti ya karibu kwenye usukani. Usukani unashikana na chesisi kupitia gololi na grisi za shingo, na grisi si njia ya umeme. Hasi inayopita hapo inakatika na kurudi kila ukikata kona, na sauti inakwaruza.

Na tafadhali usiunge waya wowote wa spika kwenye chesisi. Amplifaya ndogo za volti 12 karibu zote zinasukuma spika kwa pande mbili, nyaya zote mbili zikiwa na umeme. Kipande cha waya wa spika ya pili kikigusa chuma, IC ya amplifaya, yaani chipu yake kuu, inaungua kabla hujaweka mkono kwenye swichi. Kama utaongeza spika baadaye, kumbuka spika mbili za omu 4 zikiungwa sambamba zinakuwa omu 2, na amplifaya iliyotengenezwa kwa omu 4 itapika. Besi ikiwa nyembamba wakati kila spika peke yake inapiga vizuri, moja imegeuzwa chanya na hasi: gusisha nyaya zake, zikiwa zimetolewa kwenye amplifaya, na betri ya tochi ya volti 1.5 uone koni inatoka nje au inaingia ndani. Zote zifanane.

Maungio ndiyo yanayoshinda mafundi wengi. Kusokota waya na kuzungushia tepu nyeusi hakudumu: joto linayeyusha gundi, tepu inateleza, shaba inaota kutu ya kijani. Lehemu nayo ina kasoro yake kwenye pikipiki. Shaba iliyonyonya lehemu inakuwa ngumu kama msumari, na mtikisiko wa injini ya silinda moja unaikata palepale lehemu inapoishia. Bana kwa kichwa cha kubana na koleo lake, vuta kwa mkono kwa nguvu, kikishika funika kwa mpira wa kusinyaa. Ukilazimika kutumia lehemu, mpira huo upite sentimita 2 kila upande na waya ufungwe karibu usicheze.

Nyaya zipite chini ya tangi, pamoja na fungu la nyaya la pikipiki yenyewe, mbali na eksozi na kichwa cha injini. Ziepushe na waya mnene wa plagi kwa sentimita 10 au zaidi. Zikilazimika kuuvuka, zivuke kwa msalaba, zisisafiri sambamba nao. Kwenye shingo acha ulegevu. Geuza usukani kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, injini ikiwa inawaka na muziki unapiga. Waya ukikaza, ukigusa kebo ya klachi au sauti ikikatika, hujamaliza.

Mlio ukibaki baada ya hapo, usikilize unavyolia. Nguuu inayopanda na resi ni ile hasi mbili. Chomeka kile kidude cha transfoma, au tumia Bluetooth kama spika zako zinayo, maana hapo hakuna waya wa sauti wa kubeba uchafu. Tiki-tiki inayokwenda sawa na injini ni cheche ya plagi inayorushwa hewani, na redio ya FM ndiyo inayoumia zaidi. Tazama plagi: kwa NGK, D8EA haina kizuizi ndani, DR8EA inacho, hiyo herufi R ndiyo tofauti. Kofia ya plagi yenye kizuizi cha kiloomu 5 inafanya kazi hiyo hiyo. Mkwaruzo unaokuja kwenye mashimo tu ni ungio lililolegea, usiutafutie kidude. Wengine huweka kapasita ya mikrofaradi 2200 kwenye nyaya za kulisha amplifaya, na inasaidia besi isitikise volti, ila iwe ya volti 25. Ya volti 16 iko karibu mno na 14.5 za kuchaji.

Kuhusu kufunga. Bomba la usukani wa pikipiki nyingi lina kipenyo cha milimita 22, na klampu za spika zimepigwa kwa kipimo hicho. Kata kipande cha tyubu ya zamani, zungusha mara mbili kwenye bomba, ndipo ukaze klampu juu yake. Mpira unashika klampu isizunguke na unameza mtikisiko mdogo mdogo. Nati ziwe zenye nailoni ndani; nati ya kawaida kwenye injini ya silinda moja itajifungua yenyewe. Spika zisizibe mita ya kasi, zisiguse kopo la mafuta ya breki, zisifunike taa kubwa wala indiketa. Zielekeze juu kidogo, kwenye kifua chako, maana ukifika kilomita 60 kwa saa upepo unakula sauti yote inayoelekea mbele.

MP3 usiifunge na chuma usukanini. Flashi na kadi ya memori hazina kitu kinachozunguka, kwa hiyo mtikisiko hauui muziki. Unaua mdomo wa USB. Plagi inapocheza ndani ya tundu kwa saa nyingi, miguu yake midogo inang'oka kwenye bodi. Iweke kwenye kipochi chenye sponji juu ya tangi, tumia waya wa USB wenye plagi iliyopinda, na ufunge waya huo ndani ya sentimita 5 kutoka kwenye tundu ili uzito usining'inie kwenye plagi. Ukifikiria kutumia simu badala yake, jua kwamba mwaka 2021 Apple ilionya kuwa mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za iPhone, kwa sababu lenzi zake zinaelea kwenye sumaku. Na kwa jua la mchana, kipochi cheusi juu ya tangi ni oveni. Betri ya lithiamu haitakiwi kuchajiwa ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45, ndipo zinapoanza kuvimba. Chaji asubuhi na jioni, mchana ichomoe.

Mvua haiharibu sana kama watu wanavyodhani. Kinachoharibu ni mashine ya presha pale pa kuoshea. Funika spika kwa mfuko na mwambie kijana asielekeze bomba kwenye usukani. Kila waya unaoingia kwenye spika au chaja ushuke chini kidogo kwanza ndipo upande kuingia, ili maji yadondoke pale chini badala ya kufuata waya hadi ndani. Boksi la spika lisilo na tundu la chini, litoboe tundu la milimita 4 mahali pa chini kabisa. Kuliziba lote kwa silikoni ni kosa, unyevu unaingia tu na haupati pa kutokea.

Baada ya kufunga, pima betri mara tatu. Asubuhi kabla ya kuwasha: 12.6 au zaidi ni nzuri, 12.2 imefika nusu. Injini ikiwa kwenye resi ya kati, muziki umezimwa: 13.8 hadi 14.5. Ikizidi 15, regyuleta, kile kifaa kinachozuia volti za kuchaji zisipande mno, imekufa. Zima kila kitu uibadilishe kwanza, kabla haijachemsha betri. Kisha muziki ukiwa juu, injini ikiunguruma taratibu: ikishuka chini ya 12.6 ujue ukiwa foleni unakula akiba. Kusimama kijiweni injini imezimwa na muziki unapiga ni hesabu nyingine. Kwa ampea 1.5, nusu ya Ah 7 inakwisha kwa saa mbili na kidogo.

Sauti yenyewe: Kenya ina kanuni za kelele za mwaka 2009 na Tanzania za mwaka 2015, na hata bila kanuni, kama husikii honi ya lori nyuma yako umezidisha. Usivae spika za masikioni pande zote mbili ukidhani ndiyo suluhisho.

Usihangaike kununua balbu ya LED ya taa kubwa ukitarajia betri ipate chaji zaidi. Taa yako inakula koili yake, betri haifaidi chochote mpaka koili ifungwe upya pamoja na rektifaya ya aina nyingine. Ukitaka kuipunguzia betri mzigo, tazama mguu wako wa kulia. Balbu ya breki ni wati 21, karibu ampea 1.75, zaidi ya wastani wa muziki wako wote, na wengi huendesha kutwa mguu umelalia pedali au swichi ya breki imekazwa kupita kiasi. Simama nyuma ya pikipiki usiku, funguo ikiwa imewashwa na hakuna anayegusa breki. Kama taa ya breki inawaka, legeza nati ya swichi yake mpaka izime.